Tairi la Durban Halijui Theluji

Riziki mwanangu,

Sanduku lako limekwisha kufungwa, na baba yako analiinua kila akipita ili atuambie kuwa ni jepesi. Habari za chakula, za kanisa, za fulana za kuvaa ndani, za kupiga simu ukifika, umezisikia mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Hizo nazipita. Nataka kukuandikia juu ya matairi.

Cheka ukitaka, lakini usome.

Jumapili ulipotuonyesha kwenye simu ile picha ya gari alilokununulia binamu yako Baraka huko Kanada, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba yako. Nililiona vizuri. La rangi ya fedha, milango miwili, limelala chini hata ungedhani limekaliwa na mtu mzito. Baba yako aliishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Iko na turbo?" akakuuliza.

"Iko nayo, papa."

"Inavuta mbele ao nyuma?"

"Nyuma."

"Aah. Ile njo gari."

Mkacheka wote wawili. Mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Ukanifuata, ukasema, "Mama, ni gari tu." Nikasema najua. Ukaniambia utalivalisha matairi ya theluji mawili kwanza, nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kunakovuta, na ya mbele utangoja uone baridi yenyewe ikoje. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa unatabasamu, na siku za kukuona ukitabasamu jikoni kwangu zilikuwa zimebaki chache.

Si sawa, Riziki.

Unaijua habari ya mguu wa baba yako. Umeisikia akiwasimulia watu kanisani, na anavyoisimulia yeye watu hushika mbavu: eti alikwenda Johannesburg kumpokea dada yake, akaishia kupokewa yeye hospitalini Harrismith. Kila anapoisimulia mimi hutafuta kazi ya kufanya nje. Wewe wakati ule ulikuwa kwenye mitihani chuoni, Westville, tukakuambia kwa simu baba ameumia kidogo. Ukaja ukamkuta na vyuma gotini. Hukuniuliza, na mimi sikukusimulia. Hakuna siri ndani yake. Ni kwamba baba yako alikuwa nje ya gari na mimi nilikuwa ndani, na kilichotokea ndani hakina kichekesho.

Lile gari la buluu unalikumbuka. Alilitamani tangu Bukavu, tangu akiwa kijana anayesukuma mikokoteni, na alipolipata hapa kwenye mnada alikaa ndani yake pale chini ya fleti mpaka majirani wakadhani tumegombana. Siku za Jumamosi alikuwa akitoka zamu ya ghala huko Mobeni, haji nyumbani kwanza, anapita kuliosha. Ndilo lililokupeleka chuoni siku ya kwanza, na wewe ukamwomba akushushe mbali kidogo na lango kwa sababu ya kelele za ekzosi. Akakushusha langoni hasa.

Matairi yake alikwenda kuyachagua kama mtu anayechagua mkwe. Mapana, membamba ubavuni, mpira wake laini unaonata. Muuzaji alimwambia hakuna bora kuliko hayo, na mpaka leo naamini alisema kweli. Mvua za hapa unazijua, zile za Januari zinazofanya barabara ya baharini iwe mto. Gari lile lilipita humo likiwa limeishika lami kama mjusi aliyeshika ukuta. Mimi mwenyewe, niliyejifunza kuendesha ukubwani na kuogopa hata robot, ile taa ya barabarani, ikiwa kijani, nililiamini. Ukikata kona, linakata. Ukikanyaga breki, linasimama. Nikazoea. Nikaanza kudhani kwamba ni mimi ninayejua kuendesha.

Kulikucha siku ya safari na baba yako ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, nikasema nitaendesha mimi. Durban jua lilikuwa linawaka. Tuliondoka mimi nikiwa na kanga begani na yeye amevaa fulana, sweta tumezitupa kiti cha nyuma. Pietermaritzburg tukaona wingu. Tulipopita Ladysmith, baridi ilikuwa imeingia ndani ya gari, na milima mbele yetu ilikuwa haionekani.

Mimi ni mtoto wa Makete, mwanangu. Nimekua nikivunja sakitu kwenye majani ya viazi asubuhi, nikienda shule miguu inauma kwa baridi. Nilidhani baridi naijua. Chembe za kwanza zilipogonga kioo nilifurahi. Nilimwamsha baba yako nimwonyeshe.

"Angalia, inaanguka kabisa."

Akaangalia. Akafuta kioo kwa mkono. "Ile ni ya kuanguka kidogo tu. Itaisha."

Tukaanza kupanda mlima wa Van Reenen. Malori yalikuwa yamejipanga upande wa kushoto, yanatambaa, nasi katikati yake. Nikahisi kitu kwenye usukani, sijui nikuelezeje. Ulikuwa mwepesi. Mikono yangu ilikuwa inageuza kitu ambacho hakijashikamana na chochote. Nikamwuliza kama turudi.

"Tutageukia wapi? Iko malori nyuma. Weye panda tu polepole, lami iko chini."

Na alikuwa sahihi. Hapakuwa na pa kugeukia. Hilo nataka ulielewe, kwa sababu watu wakisikia habari hii huuliza kwa nini hatukurudi, kwa nini hatukusimama. Ukifika mahali pa kuuliza hivyo, umeshachelewa. Lami ilikuwa chini, ni kweli, lakini sisi hatukuwa juu ya lami.

Karibu na kilele magari ya mbele yakasimama. Nikasimama. Nikakanyaga breki mpaka mwisho, nikavuta na breki ya mkono. Na gari, Riziki, likiwa limesimama, likaanza kurudi nyuma. Hakukuwa na mlio wowote. Magurudumu hayakuzunguka. Lilikuwa linateleza tu, kama sahani juu ya meza yenye sabuni, kisha likasimama lenyewe. Tukatazamana. Baba yako akasema atashuka atie kapeti la miguuni chini ya magurudumu ya nyuma, ili yapate pa kushika. Nikamwambia asubiri. Akasema, "Nikisubiri, tutaingia ndani ya ile lori." Nyuma yetu kulikuwa na lori kubwa lenye taa zinazowakawaka.

Akashuka na fulana yake. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni akiinama upande wa kushoto, kati ya gari na kingo za chuma za barabara. Nikamwona akiteleza, akishika kingo zile, akicheka. Ndipo gari likaanza tena, kinyumenyume, likielekea kwenye kingo.

Lilikwenda polepole. Nakuambia polepole ili usije ukadhani ilikuwa ajali kama zile za kwenye taarifa ya habari. Mtoto anayejifunza kutembea angelikimbia akaliacha. Lakini yeye alikuwa amesimama juu ya barafu na viatu vya kanisani, na mimi nilikuwa na mguu juu ya breki, nimeikanyaga kwa nguvu zangu zote hata nyonga ikaniuma wiki nzima. Niligeuza usukani kulia, nikageuza kushoto. Hakuna kilichobadilika. Nilikuwa namtazama kwenye kioo na yeye ananitazama mimi. Aliweka mikono juu ya buti ya gari kama anayetaka kulizuia, halafu nikasikia kitu kikigusa chuma, na gari likatulia.

Hapo ndipo nilipo kila ninapotoka nje baba yako anaposimulia.

Mzee mmoja wa Kizulu, dereva wa lile lori la nyuma, alikuja na wenzake, wakamwaga mchanga, wakalisukuma gari mbele mpaka wakamtoa. Mimi bado nilikuwa nimeshika usukani. Yule mzee akafungua mlango wangu, akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Mama, achia sasa. Imekwisha." Sikuweza. Akanitoa vidole kimoja kimoja.

Ambulensi ilichelewa sana kwa sababu barabara yote ilikuwa imeziba. Tulimlaza kwenye kabini ya lori, tumemfunika na kila kilichokuwepo, na kanga yangu ikamfunga goti. Nililia kama mwendawazimu. Yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza.

"Usilie, Mama Riziki. Iko mguu tu. Moja bado iko."

Baadaye nilitaka mtu anieleze. Fundi mmoja wa hapa Greyville, mtu wa heshima, aliniambia kosa langu lilikuwa breki. Ningeiachia kidogo, magurudumu yangezunguka, usukani ungeshika, ningelipeleka gari upande mwingine. Nikaenda na maneno hayo kifuani muda mrefu. Halafu nikamwuliza dereva wa kuvuta magari yaliyoharibika, ambaye njia ile ndiyo kazi yake, akasema hapana, ningeachia ningerudi kwa kasi na kumwua. Kila mmoja alikuwa na hakika. Mimi nimebaki katikati yao mpaka leo, na nimeacha kuuliza. Baba yako nilimwuliza mara moja tu. Akasema, "Mimi niliyachagua ile mapneu, ile matairi. Na nilichagua muzuri." Akageukia ukutani. Gari aliliuza kabla hajaweza kutembea vizuri, na siku walipokuja kulichukua aliomba asogezewe kiti dirishani.

Kitu kimoja tu ndicho ninachokijua kwa hakika, na si kingi. Pale mlimani hapakuwa na la kufanya. Mimi na baba yako na yule mzee wa lori, hakuna aliyekuwa na la kufanya. La kufanya lilikuwepo Durban, dukani, siku ya jua, wakati hakuna aliyefikiria theluji. Na hata siku ile hatukukosea, maana nani hununua tairi la theluji Durban?

Mimi nilijaribu, nikuambie. Juzi nilipokuambia nakwenda kutafuta rasta za kusukia za kuuza dukani kwetu, nilikwenda kwenye duka la matairi. Nikamwambia yule kijana wa Kihindi wa kaunta nataka matairi ya theluji manne ya kupeleka Kanada. Akaniangalia kwa huruma.

"Aunty, winter ya hapa ni ya kuvaa sweta tu."

Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi. Hawakunicheka, walikuwa watu wema. Bosi akanitolea kiti. Akasema kwa miaka yote aliyouza matairi hajawahi kulishika hata moja la namna hiyo, na kwamba huko uendako yamejaa madukani kama mikate. Nikatoka nimeshika mkoba wangu. Nilisimama nje, magari yanapita, nikajiona mama mzima ambaye hana hata kipande cha mpira cha kumpa mwanawe.

Basi nikampigia Baraka. Nilimsumbua mpaka akachoka, na niliyoyapata kwake ndiyo ninayokupa. Wewe umesoma, utayachambua.

Anasema gari lako limevaa matairi ya kiangazi, mapana, kama yale ya baba yako. Baridi ikishuka, hata kabla theluji haijaanguka, mpira wa namna hiyo unakuwa mgumu kama kwato. La theluji limechanganywa namna nyingine, linabaki laini, na kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zimechanjwa chale ndogo za kuuma theluji. Utalijua kwa alama ubavuni: mlima, na ndani ya mlima chembe ya theluji. Asikudanganye mtu kwa lile la misimu yote. Huko uendako, kwenye njia ya kutoka mjini mpaka mgodini utakakofanya kazi, msimu ni mmoja, anasema.

Anasema uyachukue membamba kuliko haya, na ringi ndogo. Najua gari litaonekana vibaya. Baba yako alivyosikia alisikitika kwa dhati, akasema ni kumvalisha bibi arusi gambuti. Lakini jembamba linaichana theluji mpaka chini, na pana linaipanda juu na kuelea.

Na yawe manne. Hapa Baraka alipandisha sauti, na unamjua alivyo mpole. Ukitia mawili nyuma, gari litakwenda, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu litakwenda vizuri mpaka utakapotaka kukata kona au kusimama, na kazi hizo hufanywa na ya mbele. Nilipomsikia nilikaa kitandani. Nilikuwa nimeshakuambia sawa.

Upepo wa tairi hupungua baridi ikizidi, upime mara kwa mara. Mafuta uyakanyage kama unayekanyaga kwenye chumba alimolala mtoto. Na acha nafasi mbele yako, kubwa, hata wanaokuja nyuma wakikupigia honi. Waache wapige.

Basi. Nimemaliza ninachokijua, na si changu, cha kuazima.

Ningeweza kukuambia uliache gari, upande basi. Baraka anasema basi la mgodini halipo. Ningeweza kukuambia ukatae kazi, na mwezi mmoja uliopita nilitaka kukuambia hivyo. Lakini nitakuambia ubaki wapi? Mwaka huu umetuona tukishusha mlango wa duka na kulala kanisani na majirani zetu, tukisikiliza mtaani kelele za wanaowasaka wageni kama sisi. Wewe ulikuwa umewalaza watoto wa wengine mapajani. Mama anayekwambia baki lazima awe na mahali pa kukuweka. Mimi sina. Kwa hiyo nimekukunjia nguo.

Tena nimekuona unavyoendesha. Unaendesha kama baba yako, mkono mmoja, unaimba. Sikutaka kuliona hilo kuwa zuri, lakini ni zuri. Siku uliponichukua kutoka hospitali ya macho, mvua inanyesha, nilifumba macho si kwa dawa. Nilikuwa nasikia tu unavyobadilisha gia, na nikawaza, huyu amekuwa mtu ninayeweza kulala anapoendesha. Halafu nikaogopa kwa sababu nimewaza hivyo.

Ukifika, Baraka anasema, kutakuwa bado na jua. Majani yatakuwa mekundu, watu watakuwa bado na mashati, na utaona hakuna haraka. Madukani hakutakuwa na foleni. Siku hiyo, Riziki. Usingoje uone baridi ikoje. Siku utakayoona hakuna haraka, nenda.

Sitakuwepo kukuuliza, na ukiniambia umekwenda nitakuamini, maana nitafanyaje? Nitatazama hali ya hewa ya mji wako kwenye simu, nione hesabu zenye alama ya kutoa mbele, na nitavaa sweta hapa Durban kwa ujinga. Baba yako atakuuliza habari za turbo. Mjibu, umfurahishe. Mimi usinifurahishe. Niambie barabara ilivyokuwa.

Tangu siku ya safari yako ilipojulikana nimekuwa nikiomba theluji isianguke mwaka huu huko. Nimeomba kwa moyo wote, kisha nikaona aibu, kwa sababu kuna watu huko wanaoingoja, na Mungu hawezi kuibadilisha Kanada nzima kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Greyville. Leo nimebadilisha ombi. Nimemwomba akupe woga. Si mwingi, usije ukashindwa kutoka nyumbani. Mdogo tu, wa kukaa nao kwenye kiti cha pembeni, pale ambapo ningekaa mimi.

Mama yako anayekupenda,
Tumaini